Mpingo na papa wa kilindini: wawili wasio na haraka

Alhamisi iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mtoto wa ami yangu alinikuta barazani akanitia simu mkononi. "Kaka, wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Nisomee hii, uniambie kama ni riziki au ni balaa." Diploma yangu si ya mambo ya samaki, lakini katika ukoo wetu mtu akishapata cheti chochote hugeuzwa daktari, wakili na mtabiri wa mvua kwa mpigo.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Mnunuzi fulani anataka maini ya papa. Si mapezi, si nyama, ni maini tu, tena ya wale papa wa maji marefu wenye macho makubwa ya kijani. Bei aliyoitaja kwa kilo ilimfanya ndugu yangu asilale. Yeye ni nahodha wa boti ya faiba, na kikundi chao kina mshipi mrefu wa ndoana nyingi unaoweza kushuka mita mia kadhaa. Swali lake lilikuwa jepesi: tushushe au tusishushe?

Nilimwomba siku mbili. Nikasoma nilichoweza kusoma, na cha ajabu ni kwamba kilichonifungua akili hakikuwa habari za samaki. Kilikuwa ile bakora ya mpingo ya marehemu babu yetu, inayoning'inia nyuma ya mlango hadi leo.

Hebu tuanze na jambo ambalo mtoto yeyote wa pwani anaweza kulijaribu. Chukua kipande cha mpingo mkavu, moyo wa mti, ile sehemu nyeusi. Kitupe baharini. Kitazama kama jiwe. Miti mingi huelea, ndiyo maana tuna majahazi, lakini mpingo ni mzito kuliko maji: ujazo wa lita moja wa mti huo hufika kama kilo 1.2, na lita ya maji ya bahari ni kilo moja na kidogo tu. Sasa chukua ini la papa wa kilindini ulitupe papo hapo. Litaelea. Samaki wengine wana kibofu cha hewa tumboni kinachowazuia wasizame, lakini papa hana. Badala yake amepewa ini kubwa lililojaa mafuta mepesi. Kwa papa wa kina kirefu ini hilo linaweza kuwa robo ya uzito wa mwili mzima, naye hutanda nalo kule chini gizani bila kujichosha.

Basi mmoja ni mti usioelea na mwingine ni samaki anayebebwa na ini lake. Na wote wawili balaa lao limetoka kwenye kitu hichohicho walichojaliwa.

Tukianza na mafuta. Mtu wa bara akisikia neno sifa hufikiria kusifiwa. Sisi tuliokulia karibu na majahazi tunaziba pua. Sifa ni mafuta ya ini la papa, yaliyochemshwa au kuachwa juani yakatoka yenyewe, na kila chombo cha mbao kilipakwa ili jua na chumvi visile ubao. Harufu yake ikishika kanzu, hata sabuni ya mche inasalimu amri. Lakini angalia kiasi chake: fundi alihitaji debe moja mawili kwa msimu, na papa wenyewe walitoka kwenye majarife ya karibu, waliliwa nyama, wakakaushwa ng'onda, ini likawa ziada. Hakuna aliyetoka nyumbani kwenda kutafuta ini.

Mambo yalibadilika mafuta yalipoingia maabara. Mkemia wa Kijapani, Mitsumaru Tsujimoto, aliyachunguza mafuta ya maini ya papa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1916 kitu alichokipata humo akakiita skwaleni, kutokana na jina la Kilatini la jamii moja ya papa. Skwaleni ikawa na kazi nyingi: krimu za ngozi, vilainishi vya mashine, vidonge vya afya, hata kiungo cha kuzipa nguvu baadhi ya chanjo. Na wenye skwaleni nyingi kuliko wote ni hawa wa macho ya kijani, jamii ya Centrophorus. Kwa Kiswahili hawana jina maalumu ninalolijua, kwa hiyo nitawaita papa wa kilindini. Kilindi ni maji marefu, na bandari yetu kuu ina jina hilohilo, ingawa sidhani kama mabaharia wanaopita pale wanawaza habari za papa.

Aina inayojulikana zaidi ni Centrophorus granulosus. Anaishi sana kati ya mita 200 na 1,200 chini, na ameonekana katika bahari nyingi za joto, pamoja na Bahari yetu ya Hindi kuanzia Afrika Kusini na Msumbiji hadi Maldivi. Katika orodha ya IUCN, lile shirika la kimataifa linalopanga viumbe kwa madaraja ya hatari, yeye amewekwa daraja la walio hatarini kutoweka.

Mpingo una habari inayofanana. Wazee wetu waliutumia kwa bakora, vitana na mipini, kidogo kidogo. Kisha Ulaya wakagundua kwamba hakuna mti unaofaa zaidi kwa zumari zao: klarineti, obo, na zile bomba za Waskoti. Mbao zake hazinyonyi unyevu wa pumzi, hazipindi, na zinakubali kuchongwa kwa kipimo cha nywele. Mti wa porini wa Kilwa na Msumbiji ukawa sauti ya kumbi za muziki za mbali. Lakini si mti wote unaotakiwa. Ni ule moyo mweusi tu, tena ulionyooka, usio na ufa wala tundu, na mpingo kwa tabia yake hujipinda na mara nyingi huoza katikati. Gogo kubwa likiingia kiwandani, kinachotoka kikafaa kwa zumari ni sehemu ndogo sana. Kinachobaki ni vipande na vumbi jeusi. Samaki mzima anachinjwa kwa ajili ya ini, mti mzima unaangushwa kwa ajili ya unyoya wa moyo wake.

Sasa njoo kwenye hesabu, maana ndiyo niliyomwandikia ndugu yangu kwenye karatasi.

Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Yaani mti unaokatwa leo ulichipua kabla Kenya haijapata uhuru, na anayeupanda leo anawapandia wajukuu. Papa wa kilindini naye hana haraka. Utafiti uliofanywa upande wa Bahari ya Mediterania ulikuta jike linakomaa likiwa na umri wa karibu miaka 16, linabeba mimba kama miaka miwili, na kwa kawaida linazaa mtoto mmoja. Umri mkubwa uliohesabiwa ulikuwa karibu miaka 39. Chukua kalamu: hata jike likijaliwa uhai wote huo na lisipumzike kati ya mimba na mimba, halifikishi watoto kumi na wawili maishani. Jodari wa mapezi ya manjano anakomaa akiwa na miaka miwili au mitatu, na jike moja kubwa hutaga mamilioni ya mayai. Ukimvua jodari umevua katika ghala. Ukimvua papa wa kilindini umemchukua bibi wa ukoo.

Na unajua umri huo ulihesabiwaje? Papa huyu ana miiba miwili mgongoni, mmoja mbele ya kila pezi. Mwiba ukikatwa na kutazamwa kwa darubini unaonyesha pete, mmoja nje ya mwingine, kama pete za gogo la mti katika nchi yenye kiangazi na masika. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Hata namna ya kuwauliza umri ni moja.

Yaliyotokea kwingine hayahitaji kubahatishwa. Kule pwani ya New South Wales, Australia, meli ya utafiti iitwayo Kapala ilivuta nyavu mwaka 1976 na 1977, kisha ikarudi mahali palepale, kwa zana zilezile, mwaka 1996 na 1997. Katika miaka hiyo 20 papa wa jamii ya Centrophorus walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Wengi wao waliingia tu katika nyavu za kuburuta zilizokuwa zikitafuta samaki wengine.

Lakini mfano uliomnyamazisha ndugu yangu ni wa Maldivi, kwa sababu wale ni watu kama sisi: visiwa, misikiti ufukweni, boti ndogo, na jodari ndiye mlo wa kila siku. Miaka ya 1980 walianza kushusha mishipi kwenye miteremko ya visiwa vyao kutafuta maini, mafuta yakapelekwa Japani. Walishuka mita 300, kisha wakazidi kushuka. Miaka michache ya mwanzo ilikuwa neema. Baadaye papa wakapungua, uvuvi ule ukaporomoka, na walioutegemea wakarudi kwa jodari. Mwaka 2010 Maldivi ilipiga marufuku uvuvi wa papa wa kila aina, zaidi kwa sababu watalii wapiga mbizi walikuwa wakilipa pesa nyingi kumwona papa akiwa hai. Mwaka 2025 serikali ya huko ikatangaza kuufungua tena uvuvi wa papa hawa wa kilindini. Kumekuwa na kelele nyingi juu ya uamuzi huo, na binafsi nawaelewa wanaopiga kelele. Papa aliyezaliwa mwaka ule wa marufuku hata alikuwa hajafika umri wa kuzaa.

Hapa kwetu tunaweza kudhani hayo ni ya wenzetu. Sivyo. Tuulize wachongaji wa Changamwe. Zamani kinyago cha Mombasa kilikuwa mpingo, na kwa vitu vikubwa kilikuwa muhugu, uliokatwa Arabuko-Sokoke na kwingineko. Mpingo wa kuchongea ukawa adimu, muhugu nao ukaanza kufuata njia hiyo. Kwa haki, lazima niseme kwamba mpingo haujafika alipofika papa wa kilindini: IUCN inauweka daraja la karibu kuingia hatarini, kwa kuwa Tanzania na Msumbiji bado kuna misitu yake. Lakini mti unaweza kuwapo kwenye orodha na usiwepo kwenye kijiji chako. Mchongaji wa Changamwe hali orodha.

Hapo ndipo mfano wangu unapoanza kukatika, na ni vizuri ukatike, kwa sababu kila ninayemsikia akizungumzia viumbe walio hatarini huwafunga wote kamba moja.

Mpingo ukikatwa haufi kila mara. Kisiki huchipua, na mizizi hutoa miche pembeni. Mti umesimama mahali pamoja. Unaweza kuuhesabu, kuupaka rangi, kumkabidhi mtu aulinde. Kule Kilwa ndivyo walivyofanya. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake, na mwaka 2009 vijiji vya huko vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji mzuri. Wakapima miti, wakapanga ni mingapi ikatwe, na pesa ikaingia kijijini badala ya kupita juu ya vichwa vyao kwenye lori usiku. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iko chini ya mkataba wa CITES, na gogo haliwezi kuvuka mpaka kihalali bila karatasi. Si kwamba magendo yamekwisha. Lakini afisa aliyezoea anaweza kuutambua mpingo kwa kuutazama na kuupima mkononi.

Papa wa kilindini hana mengi katika hayo. Hana kisiki. Hana kijiji. Vikundi vyetu vya BMU vinasimamia fuo na maji ya karibu, lakini nani anasimamia giza la mita 600? Na mafuta yakishamiminwa kwenye pipa, ya papa mmoja na ya mwingine yanafanana. Kuyatofautisha kunahitaji maabara. Bakora ya babu ukiitazama unajua ni mti gani. Krimu ya usoni dukani haikwambii chochote.

Kuna jambo moja la faraja kidogo, nalo pia liko pande zote mbili. Wachongaji wetu walipobanwa waligeukia mwarobaini. Mti uliojaa kila kona ya pwani, unaokua upesi, ambao sisi tuliuona ni dawa ya homa tu, ukawa twiga na vifaru. Si mweusi kama mpingo, na wako wazee wa kazi wanaoudharau hadi leo, lakini umelisha nyumba. Skwaleni nayo inapatikana kwenye mafuta ya zeituni, inatengenezwa kutokana na miwa, na imo ndani ya mbegu za mchicha. Ndiyo, mchicha huuhuu. Kampuni kubwa za vipodozi za Ulaya zilianza kuachana na maini ya papa kuanzia mwaka 2008. Wanaoendelea kuyataka wanayataka kwa sababu ini hutoa mafuta mengi kwa kazi ndogo, na kwa sababu yupo mvuvi maskini mahali fulani atakayekubali kulishusha bei. Mnunuzi wa kwenye simu alikuwa akimtafuta huyo.

Ndugu yangu alisikiliza yote, kisha akasema neno ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. "Kaka, mlituambia tutoke kwenye matumbawe, samaki wamekwisha. Tukaambiwa uchumi wa buluu, twendeni bahari kuu. Sasa tukifika huko mnatuambia turudi. Turudi wapi?"

Ana haki. Tangu ule mkutano mkubwa wa uchumi wa buluu uliofanyika Nairobi Novemba 2018, wimbo umekuwa mmoja: mvuvi wa pwani aende mbali. Sijasikia mara nyingi mtu akimweleza kwamba mbali na chini ni vitu viwili. Pwani yetu, ukiondoa ile Ghuba ya Ungwana upande wa Malindi, sakafu yake ni nyembamba; ukitoka kidogo nje ya mwamba bahari inaporomoka. Kwa hiyo mtu wa boti ya faiba anaweza kufika kwenye kilindi kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Juu ya kilindi hicho wanapita jodari na nguru, ambao huzaa haraka, ingawa nao wana kikomo chao. Chini yake, kwenye mteremko, wako hawa wazee. Boti ni ile ile na petroli ni ile ile. Tofauti ni urefu wa kamba.

Ndivyo nilivyomjibu. Vua mbali, lakini usilaze mshipi sakafuni. Na kwenye kikao kijacho cha kikundi ulizeni waliowapa zana, kwa maandishi, ziliwekwa kwa samaki gani na kwa kina gani. Akaniuliza kama kuandika huko kutamlipia ada ya shule ya muhula huu. Nikamwambia hapana.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakulitaja Alhamisi. Wakati wa kaskazi walijaribu ule mshipi mara moja. Walivuta watatu wa macho ya kijani, weusi weusi, ngozi kama msasa. Walipowapasua, mmoja alikuwa na mtoto tumboni. Mmoja tu, mkubwa, karibu kuzaliwa. Kijana wao wa botini alidhani ni samaki aliyemezwa.

Mshipi bado umo ndani ya gunia chini ya ngazi ya nyumba yao. Mnunuzi amepiga simu mara mbili tangu hapo, na ndugu yangu hajampokea wala hajaifuta namba.